Ombeni Logi



Wahitimu, mkishaajiriwa, ofisi yenye shida itakuwa Itumba au Vwawa, na fundi atakuwa hapa Isongole. Mtawasha AnyDesk, programu ya kufikia kompyuta kwa mbali, nayo itagoma kuunganisha. Aliye upande wa pili ataapa kwamba mipangilio ya proksi iko sawa, maana ameiona kwenye skrini. Msibishane naye. Ombeni logi. Skrini huonyesha alichojaza mtu. Programu ilipita wapi, hilo limo kwenye logi.

Ya AnyDesk ni faili liitwalo ad.trace. Itafuteni humo anwani ya proksi. Isipoonekana, huenda programu inajaribu kutoka moja kwa moja na mtandao wa ofisi unaizuia. Kisha hamieni kwenye proksi yenyewe. Ikiwa ni Squid, ambayo poti yake ya kawaida ni 3128, someni access.log. Namba 407 ni proksi inayodai jina na nenosiri. Namba 200 kwenye ombi la CONNECT ni njia iliyofunguka, basi kosa lisakeni kwingine.

Kazi ngumu ni pale msipokuta mstari wowote. Ombi halikufika. Kwenye Windows, kivinjari hufuata mipangilio ya mtumiaji, lakini huduma inayoendeshwa na mfumo yaweza isiione kabisa. Andikeni netsh winhttp show proxy mhakikishe.

Halafu kuna saa, na hapo watu wa mpakani mnanielewa haraka. Ukivuka kwenda Chitipa, Malawi, saa inarudi nyuma saa 1. Simu ikinasa mnara wa Malawi ukiwa bado nyumbani, nayo inakudanganya. Squid kwa kawaida huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu saa 3. Mteja akisema ilikatika saa tatu asubuhi, zigeuze sekunde hizo kuwa saa, kisha tafuta 06:00, si 03:00 wala 09:00. Ukikosea hapo utasoma kosa la mtu mwingine, kisha utavuruga mipangilio iliyokuwa nzima.

Logi hubeba anwani na majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Tafadhalini, msirushe logi kwenye makundi ya WhatsApp mkitafuta msaada. Futeni kwanza yasiyowahusu wengine.