Kujifunza Kuanguka Kabla ya Kushinda

Mazungumzo ya askari wakufunzi wa judo, kitengo cha polisi jamii, mbele ya vijana, wazazi na majirani wa pande zote mbili za mpaka



Tumewaita tuzungumze habari ya kushindwa. Tungalipenda kuwaita kwenye sherehe, lakini mliokuwapo siku ya mashindano mnajua yaliyotokea. Vijana wetu 11 walipanda mkekani mbele ya watu wao wenyewe, na jua lilipokuchwa tulikuwa na medali moja tu ya shaba. Kijana tuliyemtegemea kuliko wote, mwenye umri wa miaka 19, alipigwa ngwala akaanguka chali kabla nusu dakika haijatimia. Mwamuzi aliinua mkono juu: iponi, yaani ushindi kamili, na pambano likaishia hapo. Mazoezi ya miezi saba yaliyeyuka kwa pumzi chache.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kushindwa kwenyewe. Gari la wageni wetu lilirushiwa jiwe njiani, kioo kikavunjika. Hakuumia mtu, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wageni wale ni nani? Ni watoto wa shangazi zetu na wajomba zetu. Ni watu tunaouziana ndizi, samaki na nguo kila siku ya soko. Mpaka uliwekwa ukapita katikati ya koo zetu, nasi tukarusha jiwe ng'ambo yake kwa sababu ya mchezo.

Nasi askari hatuna la kujivunia. Kijana yule alipotoka mkekani, tulimkaripia mbele ya kadamnasi, tukamwambia kwamba ametuaibisha. Baada ya hapo hakuonekana mazoezini kwa wiki tatu. Usiku mmoja wenzetu wa doria walimkuta kwenye njia za panya, amejitwisha gunia la sukari la mtu mwingine. Walipomuuliza kwa nini kijana kama yeye ameingia katika kazi ile, alijibu kwamba mtu asiye kitu hana cha kupoteza. Alipewa onyo akarudishwa kwa wazazi wake. Jibu lake ndilo lililotunyima usingizi, kwa sababu tulijua ni nani aliyemfundisha kujiona si kitu. Ameturuhusu tuyasimulie haya bila kutaja jina lake, naye yumo humu ukumbini.

Basi tuanze na jambo ambalo kila mwanajudo hulijua lakini wengi wetu tumelisahau. Judo ilianzishwa nchini Japani na mwalimu Kano Jigoro mwaka 1882. Anayeingia katika mchezo huu, kabla hajafundishwa kumwangusha mtu, hufundishwa kuanguka. Fundisho hilo huitwa ukemi: kukunja kidevu ili kisogo kisigonge chini, kuupiga mkeka kwa mkono mzima ili kupunguza kishindo, na kutoa pumzi badala ya kuizuia. Anayeogopa kuanguka hukakamaa, na aliyekakamaa ndiye huumia. Aliyezoea kuanguka hulegea kwa wakati wake, akainuka na kuendelea. Mwili tumeufundisha hivyo kwa miaka mingi. Moyo hatujaufundisha bado.

Ukakamavu wa moyo tunaouzungumzia leo si ugumu wa jiwe. Mtu asiyesikia uchungu anaposhindwa, huenda hakuupenda mchezo tangu mwanzo. Kulia si aibu, wala kunyamaza siku moja au mbili si udhaifu. Ukakamavu ni kuusikia uchungu huo wote bila kuukabidhi usukani. Wahenga wetu walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema kwamba asifurahie ushindi. Walisema kwamba kushindwa ni sehemu ya mashindano yenyewe, na asiyeweza kukupokea hajaingia mchezoni.

Tutawatolea mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa Teddy Riner wa Ufaransa, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1989. Mwezi Septemba 2010 alishindwa jijini Tokyo katika fainali ya ubingwa wa dunia. Tangu hapo alipanda mkekani mara 154 bila kushindwa, kwa zaidi ya miaka tisa. Kisha mwezi Februari 2020, mjini Paris, mbele ya watu wake mwenyewe, aliangushwa na Kageura Kokoro wa Japani. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Tokyo, alishindwa tena katika robo fainali, na dhahabu ya uzito wake ikampita. Angeweza kwenda zake kulala. Badala yake alirudi mkekani siku ileile akapigania shaba na kuipata, na kesho yake akaisaidia timu ya Ufaransa kutwaa dhahabu. Mwaka 2024, akiwa na miaka 35, alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Paris, katika mji uleule alikoangushwa. Tunaloliona hapa ni saa chache zile za Tokyo, kati ya kushindwa na kurudi kupigania shaba. Ukakamavu hujengwa katika saa kama zile.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Popole Misenga alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vita vilimtenga na familia yake akiwa mtoto, akakimbilia msituni, kisha akapelekwa Kinshasa, ambako alijifunza judo. Amesimulia kwamba huko, mchezaji aliposhindwa, alifungiwa na kunyimwa chakula cha kutosha. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akabaki Brazil kama mkimbizi. Huko alipata walimu waliomwinua badala ya kumfungia. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Alishinda pambano lake la kwanza. Katika la pili alishindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Watazamaji walimshangilia alipotoka.

Ndugu zetu, mtu yule mmoja alipokea kushindwa kwa namna mbili. Kwanza, kushindwa kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Baadaye kukawa sehemu ya kazi yake, akatoka mkekani akiwa mtu kamili. Sisi tuliomkaripia kijana wetu tulisimama upande wa wale wanaofungia. Hatukutumia kufuli, tulitumia ulimi.

Mfano wa tatu ni wa mshindi, maana mshindi naye ana mtihani wake. Judo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1964 mjini Tokyo. Wajapani walishinda uzito wote isipokuwa mmoja, ule usio na kikomo, ambao waliuthamini kuliko yote. Katika fainali yake, Anton Geesink wa Uholanzi alimkandamiza chini Kaminaga Akio mpaka muda ukatimia. Waholanzi walitaka kuuvamia mkeka kwa furaha. Geesink, kabla hajashangilia, aliwanyooshea mkono kuwazuia. Aliinuka, akarekebisha vazi lake, akamwinamia mpinzani wake kwa heshima. Wajapani, waliokuwa na huzuni kubwa siku ile, wamemkumbuka kwa mkono ule. Vijana mlioshinda hapa kwetu, mliinama vilevile. Sisi tuliwajibu kwa jiwe, na leo tunawaomba radhi mbele ya wote.

Sasa tuje kwenye kazi. Moyo haujengwi kwa hotuba, hujengwa kwa desturi. Haya ndiyo tuliyokubaliana na wachezaji wetu.

Kwanza, siku ya kushindwa hatutazungumza ufundi. Mchezaji akitoka mkekani atapewa maji, chakula na mtu wa kuketi naye. Wengine huwa wamejinyima chakula ili kufikia uzito wao. Mwili wenye njaa na usingizi haba huuona msiba mkubwa kuliko ulivyo. Na aliyegonga kichwa au kupoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, atapelekwa kwa mganga kwanza. Huko si kudeka.

Pili, baada ya siku mbili au tatu, mchezaji ataandika mambo matatu katika daftari lake: nini kilitokea, kipi kilikuwa mikononi mwangu, na kipi nitakifanyia kazi. Kijana wetu ameandika hivi: alikamata kola ya mpinzani kwa pupa, akasogea mbele akiwa na uzito wote juu ya mguu mmoja, na mguu huo ndio uliofagiwa. Katika maneno hayo hamna "mimi si kitu". Mna mguu uliokaa vibaya, na mguu hurekebishika. Hatia isiyo na umbo huvunja moyo. Kosa lenye jina hutoa kazi ya kufanya.

Tatu, tutarudi palepale tulipoangushiwa. Kila zoezi la jioni litakuwa na dakika 10 za kuanzia katika hali mbaya: umekandamizwa chini na zimebaki sekunde chache kati ya zile 20 zinazompa mwenzako ushindi, au umepigwa kabali na huna budi kuamua upesi kati ya kujinasua na kuupiga mkeka kwa kiganja. Anayeupiga mkeka amekubali ukweli wa wakati ule, akahifadhi shingo yake kwa pambano la kesho. Tusimcheke. Aliyepitia hali hizo mara mia mazoezini hashtuki anapozikuta mashindanoni.

Nne, tutajifunza kutulia. Kabla ya kuitwa, kila mmoja atakuwa na utaratibu wake mfupi usiobadilika: kufunga mkanda, kuvuta pumzi taratibu mara tano na kuitoa kwa urefu zaidi, kisha kujikumbusha jambo moja tu atakalolifanya kwanza. Kijana wetu anasema kwamba siku ile alipanda mkekani akiwaza fedha zilizochangwa na wazazi na majina ya watu waliomwamini. Hakuna awezaye kupigana na mtu mmoja huku amebebeshwa kijiji kizima mgongoni.

Hapo tunawageukia ninyi wazazi. Mtoto akirudi nyumbani ameshindwa, msimuulize kwanza ni nani aliyemshinda. Muulizeni kama amekula. Msimlinganishe na kaka yake wala na mtoto wa jirani. Lakini mkiona wiki mbili zimepita naye halali, hali, anajitenga na wenzake, ameanza pombe, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, msiseme kwamba yatapita. Mleteni kituo cha afya, au njooni kwetu tumpeleke pamoja. Kuomba msaada ni kama kuupiga mkeka kwa kiganja: huzuia jeraha lisilotibika.

Nanyi watazamaji, tusikilizeni kama askari sasa. Kurusha jiwe kwenye gari lenye watu ni kosa la jinai, hata kama timu yako imedhulumiwa, nayo haikudhulumiwa. Tena, wale wanaochezesha watu kamari juu ya mapambano ya watoto hawa tunawajua. Hasira nyingi za siku ile zilikuwa za fedha zilizopotea, zikavishwa vazi la uzalendo.

Wiki iliyopita wachezaji wetu walivuka mpaka, wakiwa wamechanga fedha za kioo kile. Walipokewa kwa chai na mihogo. Wazee wa ng'ambo walikubali nusu tu ya fedha, wakasema nusu nyingine inunue mkanda wa mtoto asiye na uwezo. Katika mazungumzo hayo walitualika kwa mashindano mengine kwao, mwezi ujao. Tumekubali. Tutakwenda kwa njia halali, kila mmoja na kitambulisho chake, na tutarudi jioni tukiwa tumeshinda au tumeshindwa, kwa njia hiyohiyo.

Hatuwaahidi medali. Wenzetu wana vijana wazuri, na muda uliobaki ni mchache. Tunawaahidi kwamba mchezaji wetu yeyote atakayeangushwa atakuta wakufunzi wake wamesimama pembeni na chupa ya maji, wala hatasikia neno la kumtweza. Tulikuwa na deni hilo kwa kijana mmoja. Tumemwomba radhi faraghani, na sasa tunamwomba mbele ya wale waliotusikia tukimkaripia.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana wetu amerudi mazoezini tangu Jumatatu. Jana alifundisha watoto wa miaka minane namna ya kuanguka: kidevu kifuani, mkono mkekani, pumzi nje. Walicheka sana, naye alicheka pamoja nao.

Milango ya ukumbi wa kambi iko wazi kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, kwa wavulana na wasichana, wa upande huu na wa upande ule. Asiye na vazi aje na nguo alizonazo.