MAFUTA YA PEMBA: TUSIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA!



Kila maskani, kuanzia Darajani hadi Kariakoo, kuna bingwa wa mafuta. Mmoja anaapa kwamba Pemba inaelea juu ya mafuta, kesho tutakuwa Dubai. Mwenzake anajibu kuwa ni danganya toto ya wakubwa. Wote wawili wanabahatisha! Leo nawaomba tuweke ushabiki pembeni, tuisome ardhi yetu wenyewe.

Kuna nini chini?

Zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, Madagascar, Bukini ya wazee wetu, ilianza kubanduka kutoka pwani hii. Ardhi ikapasuka na kudidimia, bahari ikaingia. Mito ikamwaga mchanga na tope humo, tabaka juu ya tabaka. Hilo ndilo bonde la mashapo, na visiwa vyetu vimekaa juu yake.

Lakini tope peke yake halitoi mafuta. Yanatakiwa mambo matano. Kwanza, mwamba mama wenye mabaki ya viumbe. Pili, moto wa kiasi, nyuzi joto 60 hadi 120 hivi. Ukizidi sana utapata gesi. Tatu, mwamba wenye vitundu vya kuyahifadhi. Nne, kifuniko cha udongo mzito au chumvi. Tano, mtego, yaani umbo la miamba linaloyazuia yasiponyoke. Tena mtego uwe tayari kabla mafuta hayajaanza safari. Likikosekana moja, umekosa yote.

Sasa, yale mafuta yanayojitokeza yenyewe Tundaua, Pemba, yanasema nini? Yanasema chungu kiliwahi kuchemka. Yanasema pia kwamba mahali fulani kifuniko kinavuja. Anayekwambia Tundaua ni utajiri tayari, mkatalie. Anayekwambia hakuna kitu, mkatalie vilevile.

Visima vinne tu!

BP na Shell walipewa pwani hii mwaka 1952. Ukiacha mashimo mafupi ya utafiti, walichimba visima virefu vinne: Unguja, Pemba, Mafia na Mandawa. Mwaka 1964 wakarudisha maeneo, wakaondoka. Mwaka 1968 mafuta na gesi vikaingizwa katika mambo ya Muungano, na ubishi wa nani mwenye mali ukala miongo. Sheria ya Petroli ya 2015 ndiyo iliyofungua mlango, Zanzibar ikatunga sheria yake 2016, na Oktoba 2018 ikasaini mkataba na RAK Gas ya Ras al Khaimah.

Je, kisima kimoja kila kisiwa kinatosha kuhukumu? Shell walichimba Loperot, Turkana ya Kenya, mwaka 1992, wakaona dalili, wakaondoka. Mwaka 2012 Tullow wakapata mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1, bonde lilelile la Lokichar. Agip walipata gesi Songo Songo mwaka 1974, wakaona hailipi. Mwaka 2004 gesi hiyo ikaanza kufua umeme Dar es Salaam.

Lakini msishangilie mapema. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird, kusini mwa bahari ya Kenya, kiligusa mafuta na gesi, lakini havikufikia kiasi cha biashara.

Tudai nini?

Bonde lisilopimwa vizuri ni gunia lililofungwa. Anayejua kilichomo ni yule mwenye vipimo vya mitetemo na kumbukumbu za visima. Na mkataba husainiwa kabla tone moja halijaonekana: mgawo wa serikali, kodi, gharama ambazo kampuni itajirudishia kwanza. Ukisubiri mafuta yatoke ndipo uulize, umechelewa!

Kwa hiyo tudai sasa. Mikataba ichapishwe kwa Kiswahili, tuisome wote. Matokeo ya vipimo yawekwe mahali raia atayaona. Wavuvi wa Mkondo wa Pemba wasikilizwe kabla meli za utafiti hazijaingia. Nanyi vijana, someni jiolojia, uchomeleaji na uhasibu, msije mkabaki walinzi wa geti.

Mkiambiwa mkataba ni siri ya serikali, ulizeni: siri ya nani, na mali ya nani?