Bahasha za Tremaglia: Kura ya Posta Iliyoamua Seneti ya Italia

Aprili 2026 imetimia miaka 20 tangu Italia ifanye uchaguzi mkuu wa tarehe 9 na 10 Aprili 2006, ambao hatima yake katika Seneti haikuamuliwa Roma wala Milano, bali na bahasha zilizotiwa posta Uswisi, Brazili, Marekani na Australia. Kwa kuwa Wakenya walioko ng'ambo wanauelekea uchaguzi wa 2027, na Watanzania wa diaspora hawajaacha kudai haki ya kupiga kura wakiwa huko huko waliko, kipindi hiki kinakirejea kisa hicho. Kura ya posta, yaani utaratibu wa raia kuletewa karatasi ya kura nyumbani na kuirudisha kwa barua, wasikilizaji wengi wanaifahamu kwa jumla. Kwa hiyo mazungumzo haya yatamfuata zaidi mtu mmoja, Mirko Tremaglia, kwani ni nadra kumpata mwanasiasa aliyeipigania haki kwa takriban miaka 30, akaipata, kisha haki hiyo hiyo ikauondoa madarakani upande wake mwenyewe.

Tremaglia alizaliwa Bergamo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1926. Historia haina budi kueleza bayana kwamba, akiwa bado kijana mdogo, alijiunga na Jamhuri ya Salò, dola iliyoundwa na Mussolini mwaka 1943 chini ya kivuli cha Wajerumani, na kwamba vita vilipokwisha alizuiliwa katika kambi ya wafungwa ya Coltano karibu na Pisa. Baadaye aliingia katika Movimento Sociale Italiano, chama cha warithi wa siasa hizo, akachaguliwa mbunge mwaka 1972. Chama hicho kilitengwa na vyama vingine kwa miaka mingi, jambo ambalo lingetosha kuufisha mswada wowote unaotoka kwa mtu wake. Hata hivyo Tremaglia alishikilia hoja moja kila Bunge jipya lilipoanza: kwamba mamilioni ya Waitaliano waliohamia Argentina, Ubelgiji, Ujerumani na kwingineko, ambao fedha walizotuma nyumbani ziliijenga nchi, walibaki raia kwa jina tu, kwa kuwa aliyetaka kupiga kura alilazimika kurudi kijijini kwake. Aliyekuwa Uswisi aliweza kupanda treni kwa nauli iliyopunguzwa akafika. Aliyekuwa Buenos Aires hakuwa na treni ya kupanda.

Ushindi ulikuja kwa vipande. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 yaliunda jimbo la ng'ambo, na yale ya 2001 yakalitengea viti 12 katika Bunge la chini na viti 6 katika Seneti. Tarehe 27 Desemba 2001 ikatoka sheria namba 459, ambayo Waitaliano hadi leo wanaiita sheria ya Tremaglia, wakati yeye mwenyewe akiwa Waziri wa Waitaliano Duniani katika serikali ya Silvio Berlusconi. Jimbo hilo liligawanywa katika kanda 4, na mojawapo, inayostahili kutajwa kwa wasikilizaji wa pwani, inaunganisha Afrika, Asia, Oceania na Antaktika, kiasi kwamba Mtaliano aliyeandikishwa Malindi yumo katika kanda moja na Mtaliano wa Melbourne au wa Tokyo, na wote wanashindaniwa na wagombea wale wale.

Namna bahasha zenyewe zinavyofanya kazi inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna busara na mna hatari. Konseli, yaani ofisi ya ubalozi inayohudumia raia, humtumia kila mwandikishwa furushi lenye karatasi ya kura, cheti cha mpiga kura chenye kipande cha kuchanwa, orodha ya wagombea, bahasha ndogo isiyo na maandishi, na bahasha kubwa iliyokwisha kulipiwa posta. Mpiga kura hutia alama kwa kalamu ya wino mweusi au wa buluu, akaitia karatasi katika bahasha ndogo na kuifunga, kisha akaiingiza ndani ya bahasha kubwa pamoja na kile kipande cha cheti. Kipande huthibitisha kwamba mtu huyo ana haki ya kupiga kura, ilhali bahasha ndogo, isiyo na jina wala alama, huilinda siri yake, hivyo anayehakiki jina haoni kura na anayehesabu kura haoni jina. Bahasha zinazofika konseli kabla ya saa 10 jioni ya Alhamisi inayotangulia uchaguzi hupelekwa Italia kwa ndege katika mfuko wa kidiplomasia. Zinazochelewa, sheria inaamuru zichomwe moto.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2006 imani ya wengi, katika kambi zote mbili, ilikuwa kwamba wahamiaji ni watu wa kulia na kwamba kura zao zingekuwa hazina ya Berlusconi. Katika Bunge la chini muungano wa mrengo wa kushoto ulioongozwa na Romano Prodi ulishinda kwa tofauti ya kura zipatazo 24,000 tu nchi nzima, lakini katika Seneti, viti vya ndani ya Italia vilipohesabiwa, upande wa Berlusconi ulikuwa na 155 na wa Prodi 154. Vilibaki viti 6, vile 6 vya Tremaglia. Bahasha zilipofunguliwa, muungano wa Prodi ulipata viti 4 kati ya hivyo, wa Berlusconi ukaambulia 1, na kimoja kikaenda kwa mgombea huru. Viti 4 kati ya 6! Maseneta hao wanne walikuwa mkazi wa Uswisi, mkazi wa Brazili, mwenye biashara ya mikate wa Chicago, na mwandishi wa habari wa Melbourne. Wingi wa Seneti ukageuka kuwa 158 dhidi ya 156, na waziri aliyeileta sheria hiyo akatoka serikalini pamoja na wenzake. Sababu moja ilikuwa ya kimkakati: huko ng'ambo mrengo wa kushoto ulikusanyika kwa sehemu kubwa katika orodha moja, ilhali mrengo wa kulia uligawanya kura zake katika orodha kadhaa, mojawapo ikiwa na jina la Tremaglia mwenyewe.

Yule mgombea huru, Luigi Pallaro, Mtaliano mfanyabiashara wa Argentina, alikuja kuwa mtu ambaye kila upande ulimhesabia vidole. Serikali ya Prodi ilipoanguka katika Seneti tarehe 24 Januari 2008, kwa kura 161 dhidi ya 156, Pallaro hakuwamo ukumbini. Tofauti hiyo ilizidi kura moja, kwa hiyo si haki kusema kwamba yeye ndiye aliyeiangusha, ingawa kutokuwepo kwake kulionyesha udhaifu wa kuiegemeza serikali juu ya mwakilishi ambaye wapiga kura wake wako ng'ambo ya bahari.

Hapa linaingia swali ambalo wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawaachi kuliuliza kila mada hii inapoguswa: kwa nini Kenya, ambayo Katiba yake ya 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuwapa raia walio nje haki ya kupiga kura hatua kwa hatua, haikuichukua njia ya posta? Kenya ilianza mwaka 2013 na nchi jirani za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ikaongeza Afrika Kusini mwaka 2017, na kufikia 2022 ilikuwa na vituo katika nchi 12, kwa kura ya urais pekee. Lakini mpiga kura hufika kituoni kwa miguu yake, na mwaka huo vituo vya Marekani vilikuwa Washington, New York na Los Angeles, maana yake Mkenya wa Houston alihitaji tiketi ya ndege ili atumie haki ambayo ndugu yake wa Nyeri aliipata kwa kutembea hadi shule ya msingi. Hilo ni lile lile lalamiko la Buenos Aires alilolibeba Tremaglia, na halijapoteza uzito.

Hata hivyo wanaoiogopa posta wana hoja nzito, na Italia yenyewe imewapa ushahidi. Seneta Nicola Di Girolamo, aliyechaguliwa kanda ya Ulaya mwaka 2008, alijiuzulu Machi 2010 baada ya wachunguzi kueleza kwamba karatasi za kura zilikusanywa zikiwa tupu miongoni mwa wahamiaji wa Stuttgart, kwa msaada wa genge la kihalifu la 'Ndrangheta, kisha zikajazwa na watu wengine. Desemba 2021 Seneti ilimvua kiti Adriano Cario, aliyechaguliwa Amerika ya Kusini mwaka 2018, baada ya uchunguzi wa mwandiko kubaini kwamba karatasi nyingi kutoka Buenos Aires ziliandikwa na mkono mmoja. Kituoni mpiga kura huingia peke yake mbele ya msimamizi na mawakala. Nyumbani hakuna anayejua nani ameishika kalamu. Faida ya posta na hatari yake zinatoka mahali pamoja.

Italia haikuifuta sheria. Kura ya maoni ya Septemba 2020 iliyopunguza idadi ya wabunge wote iliviteremsha viti vya ng'ambo kutoka 12 hadi 8 katika Bunge la chini na kutoka 6 hadi 4 katika Seneti, lakini bahasha zinaendelea kutumwa. Tremaglia alifariki tarehe 30 Desemba 2011, na juu ya jambo hili moja, tofauti na chaguo la ujana wake, historia inampa haki: aliyedai kura kwa ajili ya wahamiaji wote alipaswa kukubali kwamba wataitumia watakavyo. Wakenya na Watanzania walio nje watakaoidai njia hiyo waidai pamoja na ukaguzi wa mwandiko, daftari lililosafishwa na adhabu kali kwa wakusanyaji wa karatasi tupu, kwa sababu Italia ilichelewa kuyashughulikia hayo na ikalipa kwa viti vya Seneti.