Baada ya Kupanda Mikoko
Msikilizaji, klabu za huduma kwa jamii zikifika pwani ya Bagamoyo kupanda mikoko, siku hiyo hufana sana. Mimi naulizia miezi inayofuata. Mkoko hutaka tope laini linalofikiwa na maji yakijaa. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ndio unaovumilia mchanga na chumvi. Ukichomeka mikoko kwenye mchanga mtupu, bamvua la kwanza linaing'oa. Wavuvi na akina mama wanaookota chaza wanayajua haya, basi waulizwe kabla lori la miche halijafika. Na anayebaki kuilinda apewe posho, maana anaacha riziki yake ya siku.

Rotary, mtandao wa klabu kama hizo, ilianza kampeni yake ya kutokomeza polio duniani mwaka 1985. Afrika ilithibitishwa kutokuwa na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020. Miaka 35 ya chanjo, tone kwa tone, watoa chanjo wakirudi kwa watoto walewale! Uvumilivu huo ndio ninaoudai kwa mikoko yetu: klabu itenge fedha za kurudi baada ya masika, ihesabu miche iliyoshika, ipande upya palipokufa.