Kenda Shika au Kumi Nenda Uje?
Somo juu ya kupima biashara, kwa mfano wa mchezo wa besiboli

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuweka hesabu ya nyumba katika daftari. Leo tutazungumza juu ya jambo linalogombanisha watu sokoni, nyumbani na hata uwanjani, nalo ni kutoa kitu kimoja ili kupata kingine. Wahenga walisema, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Neno hilo ni la hekima. Lakini je, ni kweli siku zote? Na tukishafanya biashara, tutajuaje kama tulifanya vema?

Mfano wetu unatoka mbali, katika nchi ya Marekani, kwenye mchezo wa besiboli. Msiogope ugeni wake, nitaueleza kwanza.

Timu ni mbili, na wanaolinda uwanjani ni watu 9. Mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu, na mtu wa timu ya pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbilia kituo cha kwanza. Vituo ni 4, vimepangwa kwa mraba, na kutoka kimoja hata kingine ni kama meta 27. Mpigaji akivizunguka vyote na kurudi alikoanzia, timu yake imepata pointi moja. Lakini mpira wake ukidakwa kabla haujagusa chini, au ukiokotwa na kumfikia mlinzi wa kituo cha kwanza kabla yeye hajafika, ametolewa. Wakitolewa watu 3, zamu hubadilika. Kwa kawaida kila timu hupata zamu 9, na kwa hiyo walinzi wana kazi ya kuwatoa watu 27.

Sasa, kati ya kituo cha pili na cha tatu husimama mlinzi aitwaye shotistopu. Wapigaji wengi hupiga kwa upande wa kulia, na mipira yao mingi itambaayo chini humwendea yeye au jirani yake. Hana budi kuukimbilia mpira, kuuinama, kuuokota kwa glavu na kuutupa kwa nguvu mpaka kituo cha kwanza, yote hayo kwa muda wa sekunde chache. Akichelewa kidogo tu, mpigaji amekwisha kufika. Basi, watu husema kwamba shotistopu hodari ni nguzo ya ulinzi.

Nguzo moja ya namna hiyo ni Andrelton Simmons, mzaliwa wa Curaçao, kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibi. Aliichezea timu ya Atlanta Braves, akapata tuzo ya Glavu ya Dhahabu mwaka 2013 na tena mwaka 2014. Wahesabu wa mchezo walikadiria kwamba katika mwaka 2013 peke yake alizuia pointi 41 kuliko ambavyo angezuia mlinzi wa kawaida mahali pake. Tena wahesabu hao husema kwamba, kwa kadiri, pointi 10 ni sawa na ushindi wa mchezo mmoja. Pigeni hesabu wenyewe: glavu ya mtu mmoja yaweza kuleta ushindi kama mara 4 katika mwaka.

Mwezi wa Novemba, mwaka 2015, Braves walimtoa Simmons pamoja na mdaka mpira kijana, wakawapa Los Angeles Angels. Wao wakapokea shotistopu mwingine, Erick Aybar, na fedha kidogo, na warushaji wawili chipukizi, Sean Newcomb na Chris Ellis, ambao walikuwa bado hawajacheza hata mara moja katika ligi kubwa. Habari ilipotangazwa, mashabiki wa pande zote mbili walianza kubishana.

Tuseme mashabiki wawili wa Angels wanakutana asubuhi ile. Mmoja tumwite Mshika Kenda, na mwenziwe Mngoja Kumi. Yasikilizeni maneno yao, maana kila mmoja ana hoja.

Mshika Kenda asema: "Ndugu yangu, mwaka huu tumeshinda mara 85, Houston wameshinda 86, nao ndio walioingia katika mashindano ya mwisho. Mchezo mmoja tu umetutoa! Glavu ya Simmons peke yake ingalitosha kutuingiza. Pointi iliyozuiwa ni sawa na pointi iliyopatikana. Tena tunaye Mike Trout, mpigaji ambaye hana mfano, naye yu katika nguvu zake sasa. Tungoje nini?"

Mngoja Kumi ajibu: "Sikatai kwamba Simmons ni hodari. Lakini tumetoa mbegu zetu. Chipukizi akiingia ligi kubwa, timu hukaa naye miaka 6 kabla hajawa huru kwenda apendako, na miaka ya kwanza mshahara wake ni mdogo. Simmons tutamlipa dola milioni 53 kwa miaka 5. Na gongo lake je? Mwaka huu amevusha mpira nje ya uwanja mara 4 tu. Warushaji wetu wakiumia, tutamwita nani? Ghala ni tupu."

"Chipukizi si mavuno," asema Mshika Kenda. "Newcomb ana miaka 22, anarusha kwa nguvu, lakini mara nyingi hukosa shabaha. Vijana wangapi walisifiwa hivyo, na leo hatusikii habari zao?"

Huko Atlanta nako palikuwa na mabishano yayo hayo, ila yamegeuzwa. Wengine walisikitika kumpoteza kijana wa miaka 26 waliyependa kumtazama kuliko wote. Wengine walisema, timu yetu mwaka huu imeshindwa mara 95 katika michezo 162. Mlinzi bora katika timu kama hiyo ni kufuli zuri kwenye ghala lisilo na kitu. Timu ilikuwa ikijenga uwanja mpya wa kufunguliwa mwaka 2017. Basi, walisema, tupande sasa ili tuvune hapo.

Wasikilizaji, simameni hapa kidogo. Kama mngekuwa katika mabishano yale, mngesimama upande gani? Jibuni kabla sijawaeleza yaliyotokea.

Haya, tutazame mavuno. Simmons hakuwaangusha Angels. Alipata tena Glavu ya Dhahabu mwaka 2017 na mwaka 2018, na hata gongo lake likawa zuri kuliko walivyodhani: mwaka 2017 alivusha mpira nje mara 14. Mwaka 2019 kifundo cha mguu kilimsumbua. Lakini tangu mwaka 2016 hata 2020, miaka yote 5 ya mkataba ule, Angels hawakuingia katika mashindano ya mwisho hata mara moja. Warushaji wao waliumia. Mwaka 2016 wawili wa kutegemewa, Garrett Richards na Andrew Heaney, walipata maumivu ya kiwiko.

Na wale chipukizi? Ellis hakuichezea Braves hata mchezo mmoja wa ligi kubwa. Walimtoa katika biashara nyingine mwaka 2016. Newcomb aliingia mwaka 2017. Mwaka 2018 alishinda michezo 12, na mwezi wa Julai mwaka huo, akicheza na Dodgers, alibakiza mtu mmoja tu wa kutolewa amalize mchezo mzima bila mpinzani kumpiga mpira wa salama hata mmoja; ndipo mpira mmoja ukapigwa ukapita. Baada ya hapo hakufikia kimo kile tena. Naye Aybar alikaa Atlanta chini ya mwaka mmoja. Hata hivyo Braves walikuwa mabingwa wa kundi lao mwaka 2018, na mwaka 2021 wakawa mabingwa wa ligi kubwa. Shotistopu wao alikuwa Dansby Swanson, waliyempata Desemba 2015, mwezi mmoja tu baada ya kumtoa Simmons, katika biashara nyingine kabisa.

Sasa ajabu ni hii. Aliyepata kitu bora katika biashara ile hakupata kombe, na aliyepata kitu hafifu alilipata. Mtu mvivu wa kufikiri atasema, "Kumbe Braves walikuwa na akili, na Angels walikosa." Lakini hiyo si hesabu. Kombe la mwaka 2021 halikuletwa na Newcomb, na Angels hawakuanguka kwa sababu ya Simmons. Mtu akinunua mlango imara, na baadaye paa likavuja, je, fundi wa mlango ana kosa gani?

Maoni yangu ni haya. Juu ya biashara yenyewe, Mshika Kenda alisema kweli: Angels walitoa ahadi wakapokea kazi iliyoonekana. Lakini juu ya nyumba nzima, Mngoja Kumi aliona mbali. Alitaja warushaji na ghala tupu, na huko ndiko mvua ilikoingilia. Kosa lao wote wawili ni moja: walibishana kama kwamba walikuwa na swali moja, kumbe yalikuwa mawili. La kwanza, je, kitu hiki kina thamani ya kile ninachotoa? La pili, je, kitu hiki ndicho kilichopunguka nyumbani kwangu?

Basi, wasikilizaji, sisi nasi hufanya biashara kama hizo. Mtu huuza ng'ombe wa maziwa akanunua ndama watatu. Mwingine huuza shamba dogo alipe ada ya mtoto shuleni. Jirani hupita wakasema, umekosa. Na baada ya miaka, mambo yakiwa mazuri, hao hao hurudi wakasema, ulikuwa na akili. Msitegemee jirani wala bahati kuwapimia. Siku ile mnapokata shauri, andikeni katika daftari mambo matatu: natoa nini na napata nini, nakihitaji lini, na ni kitu gani kingine nyumbani kinachoweza kuvunjika. Baada ya miaka mkifungua daftari, mtajua kama shauri lenu lilikuwa zuri kwa siku ile, hata ikiwa baadaye mvua haikunyesha. Mali bila daftari, huisha bila habari.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya leo:

1. Kwa nini pointi iliyozuiwa huhesabiwa sawa na pointi iliyopatikana? Tafuteni mfano wa namna hiyo katika matumizi ya nyumba.

2. Kama timu imeshindwa mara 95, je, yafaa kumweka mlinzi bora au kumtoa ili kupata chipukizi? Kila upande utoe sababu mbili.

3. Tajeni biashara moja iliyofanywa kijijini kwenu ambayo ilikuwa shauri zuri, ingawa mwisho wake ulikuwa mbaya.