Somo kwa Redio: Kukagua Mzinga Baada ya Baridi

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili: MAJANA. Majana ni watoto wa nyuki. Leo tutajifunza kupima nguvu ya kundi la nyuki kwa kutazama majana.

Huku Lushoto baridi ni kali tangu Juni mpaka Agosti. Siku za ukungu nyuki hukaa ndani, wakala akiba yao. Ifikapo Septemba jua hurudi. Huo ndio wakati wa kukagua, kabla ya mvua za vuli. Tunasema juu ya mzinga wa sanduku, ambao masega yake yananing'inia kwenye vijiti na kuinuliwa moja moja.

Nenda jioni. Waondoe watoto na mbuzi. Vaa nguo nyeupe za kufunika mwili. Simama nyuma ya mzinga, si mbele ya mlango. Pulizia moshi kidogo, ungoje, kisha ufungue polepole.

Wengine husema, "Mzinga wangu ni mzito, basi nyuki wangu wana nguvu." Sivyo. Asali ni akiba, si watu wa nyumba. Ghala laweza kujaa, na nyumbani wamebaki wazee wawili tu.

Tazama mambo matatu. La kwanza, mayai: ni meupe, membamba, moja katika kila kitundu. Yai hukaa siku tatu tu, kisha huwa buu. Basi ukiona mayai, malkia alikuwapo siku tatu hizi, hata kama humwoni. La pili, majana yaliyozibwa. Yakikaa pamoja bila mapengo mengi, ni dalili njema. Yakitawanyika kama mahindi yaliyoota hapa na pale, kuna kasoro. La tatu, hesabu masega yaliyojaa nyuki pande zote mbili. Yakiwa manane, kundi lina nguvu. Yakiwa matatu au manne, ni dhaifu.

Kundi dhaifu usilivune. Ukiwanyang'anya asali yao watahama, na nondo wa nta watakula masega. Punguza mlango. Paka grisi nyaya za mzinga, siafu wasipande. Kagua tena baada ya majuma matatu, maana huo ndio muda wa yai kuwa nyuki kamili.

Sasa, ninyi mnaojua kuandika, wekeni daftari la mizinga. Andikeni hivi:

Mzinga 2. Septemba 14. Masega ya nyuki 4. Mayai yapo. Nisivune.

Siku ya kukagua tena, soma ulichoandika. Masega yakiwa 6, kundi linakua. Yakiwa 2, linakufa, nawe utajua mapema. Kwaherini.

MASWALI
1. Majana ni nini?
2. Ukiona mayai, wajua nini juu ya malkia?
3. Kwa nini mzinga mzito waweza kuwa na kundi dhaifu?
4. Andika habari za mzinga mmoja katika daftari lako.