Tufanyeje na Mtoto Mwenye Maswali Mengi?

(Maneno ya mama mmoja wa Homa Bay kwenye mkutano wa pamoja na vikundi vya Migori.)

Tumeombwa tuseme machache juu ya malezi. Kusema kweli tulishangaa, maana majirani wanajua kwetu hakuna redio inayosema. Zote zimefunguliwa.

Sisi tulipenda sayansi tangu utotoni, tukaifundisha miaka mingi kabla ya kurudi shambani. Tukadhani tukipata watoto wapenda sayansi tutafurahi. Ngojeni muwapate! Mkubwa aliuliza kwa nini redio hukwaruza radi ikipiga. Jibu tunalijua: radi yenyewe hutoa mawimbi kama ya redio. Tukamweleza vizuri. Akasema, "Sawa mama, lakini nataka kuona yanapoingilia." Redio ikaisha hapo. Wa pili alitia omena kwenye vikopo 3, kimoja na chumvi, kimoja bila chumvi, kimoja kimefunikwa, akavificha chini ya kitanda chetu ati vipate joto sawasawa. Siku ya 4 hakuna aliyehitaji kuambiwa matokeo. Kitinda mimba, binti wa miaka 11, yeye ni hesabu tu. Anahesabu hatua mpaka kisimani. Anahesabu dakika za mahubiri, na anawatangazia watu.

Hatusemi kila kitu kijaribiwe. Mama mmoja wa Migori ametuambia asubuhi hii kwamba kijana wake alileta zebaki nyumbani kwa chupa ya soda, ile dawa ya kukamatia dhahabu, kwa sababu inateleza kama maji na bado ni chuma. Hapo hakuna mchezo. Iondoeni mikononi mwa mtoto, na kamwe isichomwe jikoni. Moshi wake hauonekani, unaingia mapafuni, unaharibu ubongo, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Lakini mwambieni hivyo. Kofi peke yake halimwelezi kitu, atakwenda kuificha kwa nyanya yake.

Sasa sikilizeni habari ya mama mwingine aliyefanya kazi huku kwetu. Mary Leakey, yule Mwingereza mchimba mifupa. Shuleni alifukuzwa mara 2, na mara moja ilikuwa ni kwa kulipua kitu kwenye maabara. Zilikuwa shule za masista, tusiendelee. Huyo huyo, tarehe 2 Oktoba 1948, alipata pale Rusinga fuvu la Proconsul, mnyama wa ukoo wa sokwe aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Mtoto wake mdogo, Philip, alizaliwa Juni 1949. Wanaopenda hesabu wahesabu.

Kaka yake Philip, Richard, alikuwa na miaka 6 hivi wazazi walipokuwa wakichimba Kanjera, karibu na mlima Homa. Joto la pale mnalijua. Mtoto akachoka, akalalamika, akaambiwa na baba yake aende atafute mfupa wake mwenyewe. Akaenda. Akakwangua, akakwangua, akapata taya la nguruwe mkubwa sana wa aina iliyokwisha duniani. Wazazi walipoona ni kitu cha maana wakamsogeza kando, wakamalizia wao. Mtoto akakasirika, na hata ukubwani alikisimulia kisa hicho. Alipokuwa kijana hakutaka kazi ya wazazi, akaenda kuongoza watalii. Aliirudia mifupa baadaye, akajulikana dunia nzima.

Kisa hicho tumekisimulia shuleni mara nyingi, tukiwacheka hao wazazi.

Mwaka jana kikundi chetu kilimkopesha mjane mmoja shilingi 1,000. Katiba yetu inasema riba ni 100 kila mwezi, yaani asilimia 10 ya mkopo. Hakuweza kulipa mwaka mzima. Daftari likaonyesha deni la 3,138, na wanachama wakaanza kusema cherehani yake ichukuliwe. Binti yetu alikuwa amekuja kutubebea mkoba. Akachungulia daftari, akasema mbele ya watu, "Mama, mmetoza riba juu ya riba. Ni 2,200."

Tukamwambia, "Nyamaza, watu wazima wanaongea." Na mweka hazina ni nani? Ni sisi hawa mnaotuona.

Usiku tuliwasha taa, tukapiga hesabu mara 3. 2,200. Mama wa watu alikuwa karibu kupoteza cherehani kwa shilingi 938 ambazo hakudaiwa. Mkutano uliofuata tulisimama tukasema, "Wapendwa, tumegundua kosa." Makofi yakapigwa. Mjane akalia. Katibu akaandika kwamba mweka hazina aligundua kosa. Binti alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Wiki 2 nzima hakuhesabu kitu. Hata mahubiri. Baba yake ndiye aliyetuuliza, "Kwani mmemfanya nini?" Tukakumbuka lile taya, jamani, na hatukucheka.

Tulimwomba msamaha jikoni. Akasema sawa, lakini kumbukumbu za mkutano bado zina kosa. Ikabidi turudi kwa wanachama na kueleza jambo lilivyokuwa. Wengine walinung'unika kwamba tunamharibu mtoto. Katibu akafuta, akaandika jina lake pamoja na darasa lake. Sasa kila mwisho wa mwezi anapitia daftari kabla halijasomwa, na mweka hazina halali vizuri siku hiyo.

Kisa hiki ametupa ruhusa kukisimulia. Yuko pale mlangoni na saa ya baba yake, anatuonyesha vidole 2. Maana yake tumepitisha dakika 2. Haya, tunakaa.